Rafiki yangu, rafiki wangu: mwalimu na mhadhiri mbele ya daftari moja

Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa nasahihisha barua za kirafiki za Kidato cha Pili, katika shule ya kata ninayofundisha Kiswahili hapa Wilaya ya Chamwino, na kalamu nyekundu ilikuwa imekwisha kupita mara nyingi juu ya maneno mawili yaleyale: "rafiki wangu". Kosa lilianzia kwenye maamkizi ya barua, likarudi katikati, likaja tena mwishoni kabisa, juu ya jina la mwandishi. Nilipofika daftari la kumi na kitu nikaweka kalamu chini, maana nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo halikunipendeza. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimewafundisha watoto hao, kwa bidii na kwa mifano tele ubaoni, kwamba nomino "rafiki" ni ya ngeli ya A-WA kwa kuwa tunasema "rafiki anakuja", na katika jedwali nililowachorea, vimilikishi vya ngeli hiyo vilikuwa "wangu, wako, wake". Wanafunzi walikuwa wamenitii. Kosa nililokuwa nikilikata kwa wino mwekundu lilikuwa limetoka kwenye jedwali langu mwenyewe.

Siku hiyo ofisi ya walimu ilikuwa na mgeni. Alikuwa mhadhiri aliyekuja kumkagua kijana wetu wa mazoezi ya kufundisha, naye alikuwa amemaliza kazi yake: amekaa nyuma ya darasa kipindi kizima, amejaza fomu, amezungumza na kijana chini ya mwarobaini kwa dakika kumi, na sasa alikuwa akisubiri gari lililompeleka mwenzake shule ya jirani. Kwa miaka 14 niliyofundisha nimewaona wahadhiri wengi wakija hivyo na kuondoka hivyo. Tunasalimiana, tunamkaribisha chai, anasaini kitabu cha wageni, vumbi la gari lake linatua, basi. Sijui ni nini kilichonisukuma siku ile. Nilisogeza kiti nikamwambia, "Samahani, Daktari, kama hutajali, ningependa unisaidie jambo moja," nikamwekea lile rundo la madaftari mezani.

Alisoma barua tano au sita bila kusema neno. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza: "Mwalimu, hawa watoto uliwafundisha nini kabla ya hapa?" Nikamweleza habari ya jedwali. Akatabasamu, akachukua karatasi, akaandika sentensi mbili: "Rafiki yangu mwema amefika" na "Mbwa wangu amefika". Akaniomba niziangalie moja chini ya nyingine.

Naomba msomaji naye aziangalie, kwa sababu ndipo ilipo hoja yangu yote. Neno "rafiki" halina kiambishi cha M- wala WA-. Kwa umbo lake linakaa pamoja na "nyumba" na "kalamu", ambazo kimilikishi chake ni "yangu" kwa umoja na "zangu" kwa wingi. Lakini rafiki ni kiumbe hai, na Kiswahili kimewavuta viumbe hai, viwe na umbo lolote, kuelekea upatanisho wa A-WA. Ndiyo maana tunasema "kiboko anakunywa maji" wala hatusemi "kiboko kinakunywa". Mvuto huo umefika kwenye kitenzi na kwenye sifa: "rafiki mwema amefika". Kwenye kimilikishi umewashinda wanyama, tukapata "mbwa wangu" na "kuku wangu", lakini umekwama kwenye maneno mengi ya udugu na uhusiano yasiyo na M-: "ndugu yangu", "dada yangu", "jirani yangu", "rafiki yangu". Penye M- ya umbo hakuna mgogoro, kwa hiyo tunasema "mtoto wangu" na "mume wangu" bila wasiwasi. Kwa maneno mengine, nomino moja inaweza kuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule ndani ya sentensi moja, na mwalimu anayedai kwamba ngeli ni sanduku la kufuli anawafundisha watoto kukosea.

Chuoni, akaniambia, jambo hili linajulikana vizuri. Wanalijadili kama mvutano baina ya uainishaji wa ngeli kwa umbo la nomino na uainishaji kwa upatanisho wa kisarufi, na wataalamu waliochunguza lugha nyingi za dunia wameona kwamba, kwa kawaida, kadiri neno linavyokuwa mbali na nomino ndivyo maana inavyolishinda umbo. Nilimsikiliza kwa furaha na kwa uchungu. Mimi nilisoma mambo ya ngeli chuoni, nikafaulu mtihani wake, lakini hakuna aliyeniambia kwamba siku moja nitasimama mbele ya watoto themanini na jedwali lenye safu mbili, na kwamba nadharia ile ndiyo ingeniokoa.

Naye alikuwa na lake la kusema. Alisema amefundisha mada hiyo kwa miaka mingi akitumia mifano ya vitabuni, na hajawahi kuona "rafiki wangu" nyingi namna ile mahali pamoja, zimeandikwa na watoto ambao hawakuagizwa na mtafiti waziandike. Aliomba ruhusa ya kuzihesabu na kuandika kando ya kila moja lugha ya nyumbani ya mtoto, bila majina. Mkuu wa shule alikubali. Gari lilipokuja likapiga honi mara mbili, nasi bado tulikuwa tunahesabu.

Nimeieleza habari hiyo kwa urefu kwa sababu inapingana na jinsi tunavyozoea kufikiri kuhusu kuwaleta pamoja walimu wa lugha wa shuleni na wanataaluma wa vyuo vikuu. Kila mara jambo hili linapotajwa, watu hufikiria kongamano. Niliwahi kuhudhuria moja, katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja. Walimu tulialikwa kwa barua nzuri, tukaketi safu za nyuma, tukasikiliza makala moja baada ya nyingine, kila moja dakika 15, zote zikiwa zimejaa istilahi ambazo hakuna aliyejali kuzifafanua. Saa saba na nusu, chakula kikiwa kimeshaandaliwa nje, mwenyekiti alitangaza kwamba sasa ni zamu ya walimu kutoa maoni kwa ufupi. Mwalimu mmoja wa makamo kutoka Bahi alisimama, akauliza kama mtoto akiandika kwamba aina za maneno ni saba badala ya nane atapewa alama au atanyimwa, kwa kuwa vitabu vyenyewe havikubaliani. Watu walicheka. Yule mama aliketi. Swali lake lilikuwa zito kuliko makala kadhaa tulizosikia asubuhi ile, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtoto na cheti chake, lakini hakuna aliyelijibu, na mpaka leo nikikumbuka kile kicheko naona aibu kwamba nami sikusimama kumuunga mkono.

Nasema hivyo bila kusahau kwamba taaluma ya Kiswahili imezaliwa karibu sana na shule. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilikuwa na kazi kubwa ya kukagua na kusahihisha vitabu vya shule, ili mtoto wa Tabora na mtoto wa Mombasa wasome tahajia moja. Kamati hiyo ndiyo iliyoingizwa chuoni Dar es Salaam mwaka 1964, ikawa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), na mwaka 2009 ikawa sehemu ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) tunayoijua leo. Katika safari hiyo tumepata kamusi, istilahi, majarida na shahada za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe, na hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini chaki ilibaki upande mmoja na majarida upande mwingine, na kila mwaka umbali umezidi. Mhadhiri hulalamika kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotoka HKL, yaani mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, hawawezi kuandika aya iliyoshikamana. Hao ni wanafunzi wangu. Mimi nalalamika kwamba mwalimu mpya anajua majina ya nadharia za fasihi lakini hajui afanye nini mtoto akikaa kimya mbele ya shairi. Huyo ni mwanafunzi wake. Tumekuwa tukilaumiana kupitia vijana walewale, bila kuonana.

Na hapa Dodoma sababu ya kutoonana ni ndogo kuliko mahali pengi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko juu ya vilima vya mashariki ya mji, na kutoka shuleni kwetu ni safari ya chini ya saa moja. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kiko mjini, mahali ilipokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Mtaalamu wa Dar es Salaam naye, tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, anaweza kuondoka kwake asubuhi na kuwa nasi kabla ya chakula cha mchana.

Lakini kilichonishawishi zaidi kwamba mkoa huu una jambo la pekee ni lugha zenyewe. Watoto wangu wengi wanazungumza Kigogo nyumbani, na ukiingia darasani ukawaamkia "Mbukwenyi" darasa zima linaamka. Wachache wametoka Kondoa, wanazungumza Kirangi. Wengine wametoka Chemba, upande wa Kwa Mtoro, na Kisandawe chao, lugha yenye sauti za kidoko, zile za kualisha ulimi, ambayo si ya Kibantu hata kidogo. Alipokuja mara ya pili, yule mhadhiri aliniambia kwamba Kirangi kinatajwa na wanaisimu wa Ulaya na kwingineko kwa sababu ya jambo la nadra katika lugha za Kibantu: katika baadhi ya njeo (nyakati za kitenzi), kitenzi kikuu hutangulia kitenzi kisaidizi, ilhali Kiswahili na ndugu zake wengi hufanya kinyume. Nimewafundisha watoto wa Kondoa kwa miaka 14 na sikuwahi kulisikia jambo hilo. Nilimwita kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, nikamwomba aseme kwa Kirangi kwamba atapika chakula, kisha aigawe sentensi yake ubaoni, neno baada ya neno. Akaigawa. Kitenzi cha kupika kikaja kwanza, kisaidizi kikafuata. Darasa lilishangaa, na kijana yule, ambaye kwa kawaida huchekwa kwa lafudhi yake, alisimama pale ubaoni akieleza sarufi ya lugha ya mama yake kwa dakika ishirini. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa kamusi za lugha kadhaa, Kigogo ikiwamo, na mwaka 2009 ukatoa atlasi ya lugha zetu zote. Maktaba ya shule yetu haina hata nakala moja ya kazi hizo, na waliozungumza na watafiti wale ni babu na bibi za watoto ninaowafundisha.

Mwenzangu wa Kiingereza, ambaye meza yake imegusana na yangu, ana hadithi zinazofanana. Watoto wake humwita mama kwa kiwakilishi cha mwanamume, kwa sababu "a-" yetu ya "anakuja" haibagui mke na mume, na yeye alikuwa akilihesabu jambo hilo kuwa uzembe tu. Nadhani tukikutana na wanataaluma tuwe walimu wa lugha zote mbili, maana mtoto ni mmoja, na kinywa ni kimoja.

Tangu siku ile ya madaftari tumekuwa tukifanya jambo dogo ambalo naliandika hapa ili walimu wengine walijaribu. Katika ofisi yetu kuna daftari kubwa la maswali. Kila swali la lugha lililotushinda darasani linaandikwa humo kwa tarehe na kidato, pamoja na maneno halisi aliyotumia mwanafunzi. Sharti hilo la maneno halisi lilitoka kwa mhadhiri, na mwanzoni nililiona kuwa usumbufu, lakini nimegundua kwamba mtoto akiuliza kwa maneno yake huwa anauliza jambo jingine kabisa kuliko lile ninalodhani. Mhadhiri akija kukagua walimu wa mazoezi, anapanga abaki saa mbili zaidi. Hatoi mhadhara. Tunafungua daftari na madaftari ya wanafunzi, tunaanza na lililo juu. Shule mbili za jirani zimejiunga, na kwa kuwa sasa tuna utaratibu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) unaotutaka walimu tukutane katika jumuiya za ujifunzaji, hatukulazimika kuomba mkutano mpya. Tulichofanya ni kumweka mwanataaluma mmoja ndani ya kikao kilichokuwapo.

Siwezi kusema kwamba mambo yote yamekaa sawa. Nauli za walimu wa shule jirani zinatoka mifukoni mwao, na mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki akija Jumamosi ameiacha familia yake na shamba lake. Mhadhiri naye hapandi cheo kwa kukaa na sisi. Anapandishwa kwa makala zilizochapishwa katika majarida, na saa zake mbili hapa hazionekani popote katika fomu yake ya tathmini. Hapa nina ombi la dhati kwa wakuu wa ndaki za vyuo vikuu na kwa maafisa elimu: hesabuni kazi hii. Kama chuo kinaweza kumpa mhadhiri pointi kwa kusoma makala mbele ya wenzake ishirini, kinaweza pia kumpa kwa maelezo ya kurasa mbili, kwa Kiswahili kinachosomeka, yaliyojibu maswali ya walimu kumi. Na kama afisa elimu kata anaweza kuuliza andalio la somo, anaweza kuuliza pia ni swali gani lililoingia katika daftari mwezi huu.

Lipo pia suala la mtihani, ambalo wanataaluma hulichukulia kuwa woga wetu. Si woga. Mtoto wa Kidato cha Nne atasahihishwa na mtu asiyemjua, kwa mwongozo mmoja nchi nzima, na mimi ninapomwambia kwamba jambo fulani lina majibu mawili ya kitaalamu, nimemwachia mzigo ambao hana nguvu ya kuubeba chumbani mwa mtihani. Tulibishana sana na mhadhiri wetu kuhusu hilo. Mwishowe tulikubaliana kwamba darasani mtoto afundishwe jibu linalotumika katika muhtasari wa somo, lakini asifundishwe kamwe jedwali linalomkosesha Kiswahili anachokijua. Jedwali langu la A-WA sasa lina mstari chini yake, kwa wino wa kijani: "ndugu yangu, dada yangu, rafiki yangu, jirani yangu". Mwaka huu, katika barua za Kidato cha Pili, "rafiki wangu" zimebaki chache.

Kikao chetu cha mwisho kilikuwa mwezi uliopita, na tulimruhusu mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye swali lake lilikuwa la kwanza katika daftari, akae nasi. Mhadhiri alimweleza, kwa uvumilivu mkubwa, habari ya maana kushinda umbo kadiri neno linavyokuwa mbali na nomino. Binti alisikiliza, akaangalia ubao kwa muda, kisha akasema kwa adabu, "Samahani, Daktari. Katika 'rafiki mwema', neno 'mwema' liko karibu na rafiki kama 'yangu' ilivyo karibu. Kwa nini basi hatusemi 'rafiki njema'?"

Ofisi ilikaa kimya. Mhadhiri alilitazama lile swali, akafungua daftari lake mwenyewe, si letu, akaliandika humo neno kwa neno. Alimwambia kwamba hana jibu la kumridhisha siku hiyo, na kwamba kuna kijana wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu ambaye angependa kuja kumwona. Atakuja wiki ya pili ya mwezi ujao, na binti ameshaanza kukusanya sentensi.